Vikombe Viwili Mpakani mwa Keshoni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitafuti wa kumsingizia. Nimeshauziwa cherehani mbovu, nimeshanyeshewa nikiwa nimebeba sponji la kochi kichwani likanywa mvua yote ya Muheza, na yote hayo nimeyacheka. Lakini ujinga wa siku ile niliufanya kwa mdomo wangu mwenyewe, nimeshiba, nimenyoa, nimevaa shati lililopigwa pasi.

Niliulizwa swali moja tu. Afisa wa Lango la Wachumba katika nchi ya Keshoni aliinua kalamu, akanitazama kama mtu anayetazama kitambaa asichokusudia kukinunua, akasema:

"Ukiruhusiwa kuingia, utamuoa huyu Semeni uliyemtaja?"

Nami, kama mtu yeyote aliyefunzwa adabu na mama yake, nikajibu, "Inshallah."

Kalamu ikasimama hewani.

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, bwana. Mungu akipenda."

"Na asipopenda?"

Nikacheka. Nilidhani nimekutana na mtani. "Asipopenda, ndugu yangu, hata wewe hapo kitini hutainuka."

Hakucheka. Aliandika mstari mmoja, akagonga muhuri, akaigeuza karatasi ili nisome: Mwombaji hana hakika na kesho yake. Arudi baada ya mwaka mmoja, akiwa nayo.

Semeni alikuwa upande wa pili wa jengo hilohilo, amejifunga kanga mpya, ananingoja. Nilikuja kusikia kwamba alikaa pale mpaka wafagizi walipoanza kupandisha viti juu ya meza.

Nieleze kidogo nchi yenyewe, kwa faida ya wasiowahi kufika huko. Sitaongeza chumvi, imekolea tayari.

Huko Keshoni, leo haitambuliki kisheria. Kila mkazi akishabalehe, na kila mgeni akishapokelewa, hufika mbele ya Daftari Kuu kutangaza kesho yake: ataishi wapi, na nani, atazaa wangapi, anatarajia ugonjwa gani, na atazikwa upande upi wa barabara. Akishatangaza, kazi yake iliyobaki duniani ni kuyaishi yaliyoandikwa. Watu wakikutana njiani hawaulizani hali. Mmoja huuliza, "Kesho yako?" na mwenzake hujibu, "Imeandikwa." Kisha huachana, kila mmoja ameridhika.

Siku moja mvua ilinyesha bila kutangazwa. Niliwaona kwa macho yangu, kupitia mwanya wa lango, watu wazima wakitembea polepole ndani ya mvua ile, bila mwavuli, bila kukimbia, maana kukimbia kungekuwa kukiri kwamba inanyesha. Waliougua mafua wiki hiyo waliandikiwa kuwa wamedhuriwa na vumbi. Semeni alinisimulia pia habari za mwizi mmoja mwenye heshima zake, aliyejaza fomu mapema akapangiwa tarehe. Mwenye nyumba alipewa taarifa na akamwachia mlango wazi, asije akaharibu ratiba ya mtu. Ila mama mmoja sokoni aliyeteleza ulimi akasema "labda" alisukutuliwa kinywa kwa maji ya chumvi mbele ya wateja wake. Yeye mwenyewe aliona ni haki.

Sasa Semeni. Semeni ni mkunga, mtoto wa jirani yetu, mwanamke mwenye mikono midogo na maneno makubwa. Keshoni walimhitaji sana, kwa kuwa watoto wa nchi ile hawakuandikisha ukunga kwa miaka mingi, wote walitangaza watakuwa wakaguzi. Alipoingia, miaka mitatu kabla ya haya, alitangaza kesho yetu wote wawili: ataishi Keshoni hadi kufa, mimi nitamfuata nikiwa mchumba, tutaoana humo ndani, tutazaa wawili. Ndivyo tulivyokuwa tumekubaliana. Siku hiyohiyo walimpa namba ya nyumba na namba ya kaburi. Nami kwa kujiamini nikampa mdogo wangu cherehani yangu, nzima hii, si ile mbovu, nikampa mbele za watu kwa mbwembwe, na kumwambia, "Shika, mimi huku sirudi."

Basi baada ya ile inshallah yangu nilirudi, kichwa chini. Na katika mwaka ule wa kutafuta hakika, kesho yetu ikageuka mara mbili.

Mara ya kwanza aliigeuza shangazi yake Semeni, Bi Mwanamkasi. Semeni alikuja likizo ya siku kumi, likizo iliyokuwa imeandikwa tangu siku alipoingia. Shangazi akatutazama tukila kwenye sinia moja, akaweka kijiko chini.

"Nyie, uchumba huu una miguu mingapi? Mnangoja mpaka karani wa watu wasiotujua awape ruhusa ya kuoana? Mwiteni shehe."

"Shangazi, huko kuna utaratibu," nikasema.

"Hata hapa upo. Mwiteni shehe."

Tukafunga ndoa Ijumaa, kwa halua na kahawa, na shangazi akalia kama vile si yeye aliyetulazimisha. Tukabaki na siku nne. Sitazisimulia. Nitasema tu kwamba mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ile ya hospitali, nyeupe, isiyo na manukato yoyote, magoti yangu hukumbuka kabla ya kichwa.

Mara ya pili aliigeuza Semeni mwenyewe. Mkunga wetu wa zamani, Bi Chausiku, alikuwa amepoteza macho, na wanawake wa upande wetu walikuwa wakibebwa kwa pikipiki mpaka mjini na uchungu wao. Mmoja alijifungulia njiani, ndani ya shamba la machungwa, amejishika kwenye shina. Katika likizo ile ya siku kumi, Semeni alipokea watoto watatu kwenye ukumbi wa mama yake. Siku ya kuondoka, amekwisha kufunga begi, aliniambia:

"Fundi, mimi nadhani tumeelekeza uso upande usio wetu. Nipe miaka miwili nimalize wodi niliyoianza, halafu nirudi nyumbani."

"Tutaongea," nikamjibu, maana nilikuwa nimeshaanza kumkumbuka kabla hajapanda gari, na mtu aliye katika hali ile hasikii maneno, husikia sauti tu.

Hatukuongea.

Nilirudi Keshoni na cheti cha ndoa mfukoni, nimejaa hakika mpaka inamwagika. Afisa wa Lango la Wachumba akakisoma cheti, akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Umekwisha kuoa."

"Naam! Si mlitaka hakika? Hiyo hapo, ina muhuri wa shehe."

"Hakika ya lango hili ni ya kesho. Hii yako ni ya jana. Huwezi kuahidi kufanya ulichokwisha kukifanya. Kama ungemngoja mkeo uchumbani, leo ungekuwa naye."

Akanielekeza Lango la Wanandoa. Huko karani alikuwa mwema, alinipa na kiti. Akanieleza kwamba wanandoa husubiri miaka mitatu nje, ili ndoa ithibitike kuwa inaweza kuvumilia kutengana, kisha huapa kutotoka tena. Nikamwambia kwa adabu kwamba mke wangu ana nia ya kurudi kwetu baada ya miaka miwili. Akapiga hesabu pembeni ya karatasi.

"Basi utaingia mwaka mmoja baada ya yeye kutoka," akasema. "Hakuna tatizo. Ndoa yenu itakuwa halali kwa muda wote huo."

"Bwana, sisi tunatafuta kuwa pamoja."

"Pamoja ni lango jingine."

"Lipi?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa, kisha akasema, "Halijajengwa."

Nje ya malango yale kuna mji mzima wa wanaongoja, unaitwa Kibarazani. Una vinyozi, una vyuo, una timu mbili za mpira. Nilipanga chumba na mtu mmoja anayeitwa Mzee Changawa, mcheza drafti, mwongo wa drafti pia, aliyekuwa pale kwa mwaka wa kumi na moja kwa ajili ya mkewe Mbodze aliye ndani. Nilipoona mabenchi ya wangojaji yalivyowachubua watu makalio, nikaokota makumbi ya nazi na magunia nikayatengenezea matandiko. Ilikuja barua ya kunionya: starehe ile haikuwa imetangazwa.

"Mzee wangu," nikamuuliza Changawa, "hicho kibali chako kinakuja lini?"

"Kilishakuja. Mwaka juzi."

"Sasa unafanya nini hapa?"

Akala kete zangu mbili kwa mpigo. "Niliandika kwamba naingia kulea watoto na mama yao. Watoto wameshaoa, kijana. Nikiingia leo nitakuwa nimedanganya Daftari. Mimi kesho yangu ilipita jana." Akanisogezea ubao. "Cheza, usinitazame hivyo. Tena nikushauri: jaribu Lango la Wageni. Mwezi mmoja, unaingia, unamwona. Ila wana mtihani wao, ujihadhari usimkumbuke mtu."

Kwa sababu sheria ya Lango la Wageni iko hivi: mwenye mtu anayemkumbuka ndani haruhusiwi, kwa kuwa akishamwona hatatoka. Huingia yule tu asiyekuwa na haja ya kuingia. Nilijiandaa wiki nzima. Nilijifunza kusema neno "mke" kama mtu asemavyo "ndoo". Changawa alikuwa akinishtukiza njiani, "Semeni!" nami natakiwa nisigeuke. Nikaweza.

Siku ya mtihani alinipokea mama mmoja mtulivu, Bi Makadirio, akaniingiza kwenye chumba chenye meza ndogo, viti viwili, chupa ya chai, sukari na vikombe.

"Jikaribishe chai," akasema, "nakuja sasa hivi na maswali."

Nikakaa. Nikajirudia majibu yangu moyoni. Nikajimiminia chai, nikakoroga, nikanywa, nikasikia raha, kwa kuwa ilikuwa na tangawizi. Bi Makadirio akarudi baada ya muda, hakuuliza swali lolote. Alisimama kando ya meza ile akaandika kwa muda mrefu. Ndipo na mimi nikatazama anachokitazama.

Nilikuwa nimemimina vikombe viwili. Cha pili nilikiweka mbele ya kiti kitupu, mkono wa kikombe umeelekea kulia kwa mkaaji, nimekifunika na kisahani kisipoe.

"Cha pili hukukitia sukari," akasema Bi Makadirio, bila ukali. "Hatumii sukari?"

Akagonga muhuri.

Nilimkimbilia kwenye korido. "Mama, basi nipatie hata nakala ya hiyo karatasi. Nikaionyeshe Lango la Wanandoa, waone kweli namkumbuka."

"Hawataipokea," akasema, na nadhani alinihurumia. "Wao wanataka hamu ya miaka mitatu. Hii yako ni ya leo."

Kila Jumanne waliotangazwa huruhusiwa kuonana kwenye Meza. Naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu meza ile ndiyo mpaka wenyewe: upande mmoja ni Keshoni, upande wa pili ni dunia iliyobaki. Imechongwa kwa gogo moja, ndefu kama soko. Nami ni fundi, natazama kwanza kazi. Nilinyoosha mkono, Semeni akanyoosha wake, na vidole vyetu vikabakiza nafasi ya vidole viwili. Nikajaribu kuinama, ikabaki ileile. Aliyeipima alikuwa fundi kweli. Aliwapima wapendanao, kisha akaongeza vidole viwili.

Nikamsimulia Semeni habari ya chai. Alicheka mpaka mlinzi akageuka, kisha kicheko kikamkatikia katikati, akajifuta macho na pindo la kanga.

"Ulikifunika?"

"Nikakifunika."

"Na kisahani?"

"Sasa nifunike na nini, kofia?"

Tukanyamaza. Ule unyamavu wa Jumanne naujua vizuri, una uzito wake. Mtu ana saa moja ya kusema ya wiki nzima, na hapati hata neno; anatazama tu ukucha uliovunjika, kovu jipya la maji moto kwenye kifundo cha mkono, anajiuliza lilipatikana lini na nani alilipaka dawa.

"Semeni," nikasema, "nimefikiri. Tuandike tutakaa milele. Tuape. Nikishaingia, tutajua la kufanya."

"Nikishasema uongo mlangoni, fundi, itabidi niuishi ndani. Hawa watu wanakagua."

"Basi nitangoja. Miaka mitatu ni nini? Mzee Changawa ana kumi na mmoja."

"Mtazame," akasema.

Mzee Changawa alikuwa mwisho wa Meza, amekaa kulekule anakokaa siku zote, na Mbodze mbele yake, mama mnene mwenye miwani. Hawakunyoosha mikono. Kumbe walikwisha kuacha. Nikamsikia Mbodze akimuuliza, kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgeni: "Hivi wewe ulikuwa ukipenda nini vile, wali au ugali?" Na Changawa, yule mwenye jibu la kila kitu, akafikiri kidogo, akasema, "Kile ulichokuwa ukipika."

Semeni akanirudishia macho.

"Fundi, umezunguka malango mangapi?"

"Matatu yote."

"Lipi halina foleni?"

Nikageuka. Sikuwahi kuliona, wallahi, miezi yote ile. Mwisho wa ukuta kulikuwa na mlango mdogo wa mbao, majani yameota kwenye kizingiti chake, mlinzi wake anashona vifungo vya shati lake. Ulikuwa mlango wa kutokea.

"Haiwezekani," nikasema. Hebu oneni mtu: miezi yote ninalilia mkono wake, na sasa ninamzuia. "Utapoteza wodi. Utapoteza nyumba. Wakishakufuta hutaingia tena kwa lango lolote, hata la wageni. Na kule kwetu tuna nini? Cherehani nilishaigawa."

"Nitapoteza na kaburi, mbona hilo hukulitaja?"

"Sifanyi mzaha, Semeni."

"Na mimi sifanyi. Malango yote hayo umeyapiga hodi, hakuna siku uliyoniuliza mimi nataka kuelekea wapi. Nilikwambia siku ile nimefunga begi. Ukasema tutaongea." Akainuka, kengele ilikuwa inalia. "Haya, tumeongea."

Kutoka si kosa huko Keshoni. Ila kutoka kusikoandikwa hakupo, kama mvua ile, na kwa hiyo ni lazima Baraza la Kesho likuumbie kwanza. Baraza lilikutana Jumanne iliyofuata, kwenye Meza yenyewe, ili wa nje nao wasikie. Mwenyekiti alikuwa Bwana Hakika, mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini. Sikuona ubaya wowote machoni pake, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Ilitangulia kesi nyingine. Mama mmoja kijana, aliyetangaza mtoto mmoja, alikuwa amejifungua wawili. Mkunga alikuwa Semeni. Baraza lilikuwa limejadili shauri hilo kwa vikao vitatu: yupi ni mtoto na yupi ni tukio. Mjumbe mmoja alishauri wapokezane, mwezi kwa mwezi. Mwingine akasema hiyo ni hatari, itawazoesha watoto kubadilika. Mwishowe waliamua kwamba wa kwanza kutoka ni raia, na wa pili ni mgeni, apewe kibali cha mwezi mmoja. Na kwa kuwa wageni wote hupimwa, naye akapimwa palepale: walimlaza peke yake katikati ya Meza, juu ya kitambaa cheupe, Bi Makadirio akasimama na karatasi kuona kama ana mtu anayemkumbuka.

Kichanga kilivumilia kidogo. Kikatafuta kwa mdomo kushoto, kikatafuta kulia, kisha kikalia.

"Ameshindwa," akaandika Bi Makadirio, na kwa mara ya kwanza hakugonga muhuri.

Mama yake akaanza kulia naye. Bwana Hakika akasema rufaa itasikilizwa mwezi ujao, tuendelee. Hakuna aliyejua mtoto aondolewe na ofisi gani. Semeni akanyoosha mkono, akamchukua, akamlaza begani, na kesi yetu ikasikilizwa hivyo, huku akimpigapiga mgongo.

"Bibi Semeni," akasema Bwana Hakika, "Daftari linasema utaishi nasi hadi kufa. Una nyumba. Una cheo. Una mahali pa kuzikwa, pana kivuli. Hakuna mkunga katika dunia ya nje mwenye kesho iliyonyooka kama yako. Ni kweli unaomba kutoka?"

"Ni kweli."

"Uende wapi?"

"Kwetu. Kuna wanawake wanajifungulia njiani."

"Na utaishi kwa nini?"

"Kwa hiyo kazi. Na huyu bwana ni fundi makochi."

Baraza zima likanigeukia. Nikajaribu kuonekana mwenye cherehani.

Bwana Hakika akafunua jalada langu. "Huyu," akasema, "aliulizwa swali jepesi kuliko yote yanayoulizwa hapa, akajibu 'inshallah'. Ninayo hapa, imeandikwa. Baadaye alitangaza uchumba akaleta ndoa. Akaomba ugeni, akamimina vikombe viwili. Mwanzo mliandika mtaoana ndani, mkaoana nje. Mliandika mtaishi hapa, sasa mtaishi kule. Mwaka ujao mtaandika nini?"

"Hatutaandika," akasema Semeni.

"Ndilo jambo langu!" Hakuinua sauti, lakini aliegemea mbele, na nikaona kwamba aliyasema kwa moyo wake wote. "Bibi, mimi sikuzuii kwa chuki. Nimeona watu waliotoka kwa mlango ule. Anaugua mama, anakufa mfadhili, mapenzi yanapoa, na hawana pa kurudi. Nchi hii imejengwa ili mtu asishtuke. Utaacha kesho yenye namba, ufuate kesho ya mtu anayesema Mungu akipenda? Nipe sababu moja. Moja tu, nami nitautangaza wazi mlango ule. Ni kitu gani umewahi kukiona, kwa macho yako, kikaja salama bila kupangiwa siku?"

Watu wakasogea karibu na Meza. Hata Mzee Changawa, mwisho wa Meza, alikuwa amesimama. Nami nilitaka kumwambia mke wangu akae, asiyapoteze yote yale kwa ajili yangu. Mdomo ukafunguka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikawa na busara ya kuufunga.

Kichanga kilikuwa kimelala. Semeni alikirudisha kwa mama yake, akajifunga kanga upya kiunoni, kwa nguvu, kama mtu anayeanza kazi. Kisha akamtazama Bwana Hakika.

"Bwana Hakika, watoto mia nne wa nchi hii wamepita mikononi mwangu, mwanao mwenyewe akiwa mmoja wao, na hakuna hata mmoja aliyekuja siku mliyomwandikia."